Kengele ya wa Mwisho

Shangazi Lieve haamini kipimo cha upepo. Hubonyeza tairi kwa kidole gumba, hufungua vali kidogo, husikiliza, hubonyeza tena, na gumba likizama kama kwenye mkate uliolowa chai, husema, "Hapo." Jumapili ile alibonyeza tairi zile zile mara tatu, nikajua ana wasiwasi.

"Ukianguka, angukia kushoto," aliniambia. "Kulia kuna gia."

"Sitaanguka, shangazi."

"Kila mtu huanguka. Lemmersbroek haina ardhi, ina uji."

Lander, mwenzangu wa klabu, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa akila chipsi zilizozama kwenye mayonezi. Yeye alikuwa ameshamaliza mbio zake adhuhuri, na bado matope yalikuwa yamemkauka masikioni.

"Hanne, nimeshaulizia," alisema. "Jezi yako inamtosha dada yangu kabisa. Ila ukiirudisha uifue kwanza, bibie. Usituletee shamba zima kabatini."

"Dada yako hawezi kuendesha hata toroli."

"Lakini toroli lake hufika."

Shangazi alimrushia kitambaa chenye grisi. Tulicheka wote watatu.

Klabu yetu ya mbio za baiskeli za matopeni ina desturi ambayo haikuandikwa popote: mbio za nyumbani humalizwa. Hakuna anayekuuliza kama umeshinda. Lakini ukishindwa kufika mstarini miaka mitatu mfululizo, unaivua jezi ya njano na nyeusi, unaifua, unaikunja, unairudisha kwenye kabati nyuma ya baa, na hakuna anayekukaripia. Mwaka juzi nilitoka kwenye mzunguko wa nne. Mwaka jana nilitoka kwenye wa tano. Nilihamia kwa shangazi nikiwa na miaka tisa, nikiwa mtoto asiyesema na mtu, na siku niliyovishwa jezi ile ndiyo siku kijiji kilianza kuniita kwa jina. Sikujua ningekuwa nani bila hiyo.

Watu niliwaambia kwamba mwaka wa kwanza tairi lilipasuka, na mwaka wa pili tumbo liliniuma. Shangazi peke yake ndiye niliyemwambia ukweli: kwamba mara zote mbili, kwenye njia ya udongo nyuma ya tanuri la matofali, nilisikia mnyororo wa baiskeli nyuma yangu, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Hakunicheka. Aliuliza tu, "Umetiwa mafuta au mkavu?"

"Mkavu."

Kisha akaenda kuosha vikombe.

Kila mtu Lemmersbroek anaijua habari ya Cyriel Mestdagh, ingawa husimuliwa mara moja tu, ukiwa mdogo, na basi. Mpanda baiskeli aliyechoka hawezi kuhesabu mizunguko. Hujua amebakiza mmoja kwa sababu kengele imelia. Mwaka wa hamsini na nane aliyepiga kengele aliwaona washindi wamefika, akadhani wote wamekwisha, akaingia hemani kunywa bia. Cyriel, kijana wa duka la mkate, alikuwa bado njiani. Alipita mstarini, hakusikia kengele, akaendelea. Akapita tena, akaendelea. Watu walikuwa hemani wanaimba. Kamba za njia zikakunjwa, ukungu ukashuka, na hakuna aliyeuliza. Walimkuta kesho yake kwenye shimo la udongo lililojaa maji, nyuma ya tanuri, baiskeli ikiwa bado begani.

Tangu siku hiyo, kwetu hakuna anayetolewa njiani hata akipitwa na wenzake mara mbili. Kila mtu humaliza mizunguko yake yote sita, na kila mtu hupigiwa kengele yake. Mpigaji ni mzee Remi, mwana wa yule aliyekwenda kunywa bia. Ana miaka sabini na sita, na tangu baba yake afe hajawahi kuondoka mstarini kabla ya wa mwisho, hata kwa haja ndogo. Watoto nao wana utani wao: usiwe wa mwisho, Cyriel atakushika gurudumu, yaani atakufuata karibu kwa nyuma.

Mwaka huu shirikisho la baiskeli lilituletea msimamizi mgeni, bwana mrefu mwenye koti la mvua. Alitukusanya wanawake wote thelathini na mmoja mbele ya mstari, akainua saa yake.

"Ukungu unazidi na giza linawahi," alisema. "Ikifika saa kumi na dakika kumi, kengele hailii tena. Ambaye atakuwa hajapigiwa, atoke njiani."

Mzee Remi alikohoa. "Bwana, hapa kengele hulia kwa kila mtu."

"Najua, mzee. Na mimi nataka kila mtu arudi nyumbani."

Alikuwa amesema kwa wema, na mzee Remi akarudi kwenye kengele yake.

Filimbi ililia saa tisa na robo. Kona ya kwanza, yule aliyekuwa mbele yangu aliteleza, nami nikamparamia, na wengine wawili wakaniparamia mimi. Niliangukia kulia. Nilipokwisha kuunyoosha usukani na kutoa nyasi kwenye gia, nilikuwa wa thelathini na moja.

"Twende, Hanne!" Lander alipaza sauti kando ya kamba, kikombe cha bia mkononi. "Umewaweka wote mbele, sasa unawaona vizuri!"

Nilikimbia mlimani na baiskeli begani, nikaruka mbao mbili, nikapanda, nikateremka kwenye malisho ya ng'ombe ambako matope hufika katikati ya gurudumu. Kwenye matope ya namna hiyo huchagui pa kupita. Wa kwanza huchora mfuo kwa tairi lake, na wengine wote huufuata. Ukitoka nje ya mfuo, unazama. Mizunguko miwili ya kwanza sikufikiri kitu kingine ila mfuo ule. Mara mbili kwa kila mzunguko, kabla ya njia ya udongo na tena baada yake, niliingia kituoni, nikamtupia shangazi baiskeli iliyogeuka bonge la udongo, nikachukua ile aliyokuwa ameiosha. Hatukusimama. Alikuwa anakimbia kando yangu kwa mabuti yake ya mpira, mkono wake mgongoni mwangu, ananisukuma.

"Pumzi?"

"Ipo."

"Basi tumia."

Mzunguko wa tatu niliingia njia ya udongo peke yangu. Ni njia nyembamba, mita mia tatu, kati ya ukuta wa tanuri lililobomoka na mialda, miti ipendayo maji. Ukungu ulikuwa umejaa humo kama maziwa kwenye bakuli. Kelele za uwanjani zilikatika ghafla, kama mtu amefunga mlango.

Halafu nikausikia.

Minyororo yetu siku ya matope haisikiki, imefunikwa. Huu ulilia kwa kila pedali, kavu, kri, kri, kri, mita kumi nyuma yangu, haukimbii, hauchelewi. Nilikaza miguu. Nao ukakaza. Nilipotokea upande wa pili, kwenye watu na moshi wa soseji, ukanyamaza.

Mzunguko wa nne nilijiambia nitatazama chini tu. Ndivyo nilivyofanya, na ndipo nikaona kitu kibaya zaidi ya sauti. Washindani wote walikuwa wameshapita, wengine walikuwa wameshanitangulia kwa mzunguko mzima, na mfuo ulikuwa mpana, umejaa maji ya kahawia. Lakini ndani yake, kando ya alama ya tairi langu la mzunguko uliopita, palikuwa na mstari mwembamba kama kidole, wa tairi ambalo haliuzwi tena, na maji yalikuwa bado hayajaujaza. Mtu alikuwa amepita pale muda huo huo. Na mbele yangu hapakuwa na mtu kwa dakika mbili nzima.

Nyuma: kri, kri, kri.

Hapa ndipo nilipotoka mwaka juzi. Kuna pengo ukutani, unapita na baiskeli, na baada ya hatua ishirini uko barabarani, kwenye taa za magari. Niliona pengo lile. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye breki.

Sikutoka. Sitasema ni ujasiri. Nilimwona tu, mbele ya macho yangu, shangazi akifungua kabati lile na mimi nikimpa jezi iliyokunjwa. Nikakanyaga.

Kituoni shangazi aliniangalia usoni mara moja akajua.

"Yupo?"

"Yupo."

"Amekugusa?"

"Hapana."

Alinipa baiskeli safi. "Basi naye anaendesha mbio zake. We endesha zako. Una dakika kumi na tatu hadi kengele."

Nilipopita mstarini kuanza mzunguko wa tano, kengele ilikuwa inalia, lakini haikuwa yangu. Ilikuwa ya watatu waliokuja nyuma yangu kunipita, wa mwisho wa kundi. Walinipita wakihema, mmoja akaniambia, "Pole, dada, kaza!" na ukungu ukawameza. Kuanzia hapo njia ilikuwa yangu peke yangu. Watu walianza kuziacha kamba kwenda hemani. Nilisikia ngoma ya bendi ya kijiji ikianza.

Miguu ilikuwa imekwisha. Mlimani nilitembea. Kwenye mbao nilishuka mapema nikazivuka moja moja kama bibi kizee anayevuka mtaro. Kituoni shangazi alipaza sauti kabla sijafika, "Dakika tano! Hanne, dakika tano tu! Usiongee, nenda!"

Kutoka kituoni hadi mstarini ni dakika tatu na nusu kwa miguu yangu ya siku ile. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa ninaingia njia ya udongo. Ingetosha, nikipita moja kwa moja.

Mnyororo ulikuwa unanisubiri. Safari hii ulikuja karibu, mita tano, tatu, hadi nikasikia pumzi pia, pumzi ya mtu aliyechoka kuliko mimi. Halafu sauti, changa, ya adabu, kama mtu anayemuuliza mgeni njia:

"Imebaki mizunguko mingapi?"

Nilikanyaga kama mwendawazimu.

"Samahani, dada. Imebaki mingapi?"

Halafu nyuma yangu chuma kiligonga chuma, mnyororo ukatoka kwenye meno. Nilisikia miguu ikishuka matopeni, chwap, chwap, na mtu akihangaika kuurudisha kwa vidole vilivyokufa ganzi. Sauti hiyo ninaijua. Kila mwenye baiskeli anaijua. Nilikuwa ninamwacha. Mita kumi, mita ishirini, na mbele ukungu ulikuwa mweupe zaidi, njia inaisha, dakika zangu zinatosha.

Na nikafikiria kwamba tangu mwaka wa hamsini na nane kila mtu aliyemsikia amefanya hivi hivi.

Nilisimama. Niliweka mguu chini, buti likazama hadi kifundoni. Sikugeuka, niseme kweli, sikuweza kugeuka. Niliongea nikiutazama usukani.

"Weka kwanza kwenye jino la chini," nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Halafu zungusha pedali kinyume. Taratibu."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye miti.

"Imebaki miwili. Huu, na mmoja zaidi. Kengele yako bado haijalia. Mimi pia bado. Nikipita mstarini itanilia, na nitawaambia wapige na ya kwako. Umesikia? Usikae mbali. Shika gurudumu langu."

Nilihesabu hadi ishirini. Hadi arobaini. Nilikuwa ninalia, sijui kwa hofu au kwa zile sekunde zinazokwenda. Kisha: kri. Kri, kri.

Nikakanyaga.

Sikumbuki malisho, wala kona ya kanisa. Ninakumbuka kutokea kwenye mita mia za mwisho na kumwona mzee Remi peke yake pale, mdogo, kamba ya kengele mkononi, na msimamizi kando yake ameinua mkono wenye saa. Lander alikuwa kwenye kamba. Hakuwa na utani. Alikuwa anapiga ubao wa matangazo kwa viganja vyote viwili, akipaza sauti, "Sekunde kumi! Kumi, wewe, kumi!"

Kengele ililia gurudumu langu la mbele likigusa mstari. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Imetosha," msimamizi alisema, akashusha mkono. "Huyo ndiye wa mwisho. Asante, mzee."

"Piga tena!" nilipiga kelele bila kusimama. "Mzee Remi, piga tena! Yuko nyuma yangu!"

"Nani yuko nyuma?" msimamizi aliuliza. "Orodha yangu imekwisha."

Niliendelea kwenda, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kwa mgongo. Mzee Remi hakuuliza nani.

"Mzee, saa imepita."

"Saa yako," mzee Remi alisema.

Na kengele ililia. Hakuipiga mara moja kama alivyonipigia mimi. Aliipiga na kuipiga, hadi nilipofika mlimani nilikuwa bado ninaisikia ikihangaika kwenye ukungu, na bendi hemani ilikuwa imenyamaza.

Mlimani nilibeba baiskeli begani, na hatua zangu zilikuwa na mwangwi ambao mlima ule hauna. Sikuogopa kama kabla. Nilikuwa bado ninaogopa, lakini kwa namna mtu anavyoogopa kwa ajili ya mwenzake: kwamba atateleza, kwamba atachoka, kwamba nitafika nigundue nimekuja peke yangu. Nilianza kumwambia njia. "Mbao mbili. Siku hizi ni za juu kidogo." "Hapa pita kulia, kushoto pana mzizi." Kama mtu angenisikia angeniitia daktari.

Kituoni shangazi alikuwa amesimama na baiskeli safi. Nilimtupia ile chafu, nikachukua yake, na hakunisukuma mgongoni. Nilipokuwa ninapanda nilimsikia akisema, kwa sauti aliyokuwa akinisemesha nayo nilipokuwa na miaka tisa, "Na wewe, twende. Twende, mwanangu. Huo ndio wa mwisho." Mabuti yake yalikimbia matopeni hatua saba au nane, kando ya mtu.

Tuliingia njia ya udongo. Katikati yake ukuta unapoishia, njia ya zamani ilikuwa ikikata kushoto, kupita ukingoni mwa shimo. Imefungwa kwa waya tangu kabla sijazaliwa. Mnyororo ulikuwa nyuma yangu, mita mbili. Nilipopinda kulia, haukupinda. Niliusikia ukienda kushoto, unafifia, kri, kri, na chini kule maji yakafanya kitu kama kuvuta pumzi.

"Siyo huko!" Niligeuka. Safari hii niligeuka kabisa. Niliona ukungu, waya, na ukungu ukitembea nyuma ya waya. "Cyriel! Kulia! Tulibadilisha njia! Siku hizi tunapita kulia!"

Nilikuwa wa kwanza kulitaja jina lile kwa sauti pale. Niliita tena, na tena, hadi koo likanikauka. Waya ulitikisika, mara moja, kama mtu anapitisha baiskeli juu yake kwa uangalifu asiichane jezi.

Kisha pumzi karibu na sikio langu.

"Asante," ile sauti ilisema. "Sikuona alama."

"Hatukuweka," nilisema. "Ni kosa letu."

Tulitoka malishoni bega kwa bega, ikiwa naweza kusema hivyo. Ukungu ulikuwa umekuwa wa kijivu. Tulipopinda kona ya kanisa niliona kwamba watu walikuwa wametoka hemani. Hawakushangilia. Walikuwa wamejipanga kwenye kamba pande zote mbili, kofia mikononi, wananitazama mimi na kutazama nafasi iliyokuwa upande wangu wa kushoto.

Zilibaki mita mia. Nilikuwa nimepanga kwamba hapa nitapunguza mwendo, nimwachie apite kwanza, kwa heshima. Lakini ghafla mnyororo ule mkavu ulibadili mlio. Ulipanda, ukawa mwembamba, wa kasi. Ilinichukua sekunde kuelewa. Alikuwa ananishambulia kwa mbio, anataka kunitangulia mstarini. Miaka yote hiyo, na alipouona mstari alifanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya akiuona mstari.

Nilicheka kwa sauti. Nikabadili gia, nikasimama kwenye pedali, nikamfuata. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimpa kila kilichobaki mapajani mwangu, na yeye akanipa chake, na kwenye mita za mwisho sote wawili tulikuwa tumelala juu ya usukani, tunahema kama ng'ombe, hakuna anayetaka kuachia. Niliirusha baiskeli mbele kwenye mstari.

"Thelathini na moja," msimamizi alisema, na nilimsikia akiandika. Halafu kalamu ikasimama. "Nani... nani ametangulia?"

Mzee Remi aliachia kamba ya kengele.

Niliachia pedali nikaacha baiskeli iende yenyewe, kichwa chini, mate yakinitoka. Ukishindana na mtu hadi mwisho, mkivuka, huwa humtazami. Mna haya kidogo, mmeonana mkiwa hoi kabisa. Unanyoosha tu mkono pembeni, bila kugeuka, na mwenzako anaupokea. Nilinyoosha wangu wa kushoto kwenye ukungu.

Ulikaa pale peke yake kitambo. Kisha ukashikwa, kwa nguvu, na mkono uliojaa matope kama wa kwangu.